Nyumba Isiyo na Kufuli

Sogeeni, kisa changu hakipendi kupigiwa kelele.

Zimwi lilijigeuza mwanamume, likamwoa Mashavu, likamfungia katika nyumba isiyo na kufuli wala dirisha. Likamwambia, "Mweleze mtu yeyote hali yako ya kweli, mlango utafunguka wenyewe." Likaenda mawindoni likicheka, maana linatujua.

Mama yake akapita. "Mwanangu, habari za humo?"

"Njema, mama." Kabla hajaongeza neno, mama keshapita.

Kaka yake akapita. "Wazima humo?"

"Wazima, kaka." Naye huyo, kaenda zake.

Akapita jirani, Bi Kidawa, na ndoo ya maji kichwani. "Habari za tangu jana?"

"Njema."

Bi Kidawa akatua ndoo. "Umepika nini leo?"

"Sijala siku ya tatu hii, Bi Kidawa. Naogopa."

Mlango ukafunguka.

Zimwi liliporudi likaingia kumtafuta. Mlango ule haumjui mwenye nyumba; ukajifunga nyuma yake, na hadi leo limo humo.

Juzi nilipita hapo, nikalisalimu. Likajibu, "Njema," kwa sauti ya njaa.

Nikaenda zangu.