Pimbi Aliyesoma Kitabu cha Kiboko Mpaka Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mliokula kiporo. Paukwa!

PAKAWA!

Maji?

Ya mwenye nguvu!

Kiu?

Ya mnyonge!

Na kitabu?

Ahaa, hapo mmenyamaza. Basi tulieni, maana leo nina hasira na sitaki mtu akohoe-kohoe. Nitawasimulia habari za Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Kilikuwa kiangazi, kiangazi cha kweli. Mito ilikauka, visima vilikauka, hata umande ulisahau njia. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo amelala Kiboko, katoa pua na macho. Maji yote hakuweza kuyanywa, lakini mwingine ayanywe hakutaka. Na juu ya hayo, Kiboko alikuwa mwandishi.

Msicheke. Alikuwa mwandishi. Kila mwezi alitoa riwaya mpya, nene kama tofali. Akaweka sheria, na Ngiri, mlinzi wake, akaitangaza mlangoni: "Soma, sema, kunywa! Soma, sema, kunywa!" Maana yake, unapewa kitabu cha Bwana, unatoa maoni yako mbele ya Bwana, ndipo unachotewa kata moja ya maji.

Wanyama wakajua la kufanya. Akaja Nyumbu, kitabu kakishika kichwa chini miguu juu, akasema, "Bwana, nimelia tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho!" Akachotewa. Gu, gu, gu. Akaja Swala, akasema, "Bwana, jalada lake tu, loo!" Akachotewa. Gu, gu, gu. Hakuna aliyefungua. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana, mpya kabisa.

Pimbi peke yake ndiye aliyekosea. Alisoma.

Ndivyo walivyo pimbi. Hushinda juu ya mwamba wao kutwa nzima, na kitu wakikianza hawakiachi njiani. Akasoma riwaya ya kwanza. Shujaa anautazama mto kurasa mia na ishirini, hanywi, haogi, havuki. Pimbi akasema, "Haya." Akasoma ya pili. Ndege wawili, kongoti, wanapendana, wanaachana, wanateseka sura kumi na tisa, yote kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwenzake swali moja dogo. Pimbi akasema, "Haya!" na mara hii meno yalisagana. Lakini kwa hizo mbili alijikaza, akasifu kidogo, akapata maji ya wanawe.

Ikaja ya tatu. Jina lake *Kiu*.

Ndani yake mlikuwa na mama pimbi, maskini, na mwanawe. Ukurasa wa mia mbili na nne yule mtoto anakufa kwa kiu, na Kiboko kaandika kwamba alikufa "akitabasamu kama ua la asubuhi." Pimbi akainua macho. Pembeni yake amelala kitindamimba wake, Chonge, midomo imepasuka, ulimi umegandamana na kaakaa. Alikuwa analia bila machozi, kwa kuwa machozi nayo ni maji. Pimbi akamtazama mtoto. Akakitazama kitabu. Akamtazama mtoto tena. Manyoya yakamsimama.

"Amelala majini!" akasema. "Maji mpaka masikioni, halafu anatuandikia kiu yetu! Na maji hatupi!"

Akashuka mbio mpaka bwawani, kitabu kwapani, kibuyu mkononi.

"Maoni?" akauliza Kiboko, macho kayafumba, anangoja utamu.

"Bwana Kiboko, kitabu chako kibaya."

Nyumbu akajificha nyuma ya Swala, na mnajua mwili wa Nyumbu ulivyo.

"Kibaya vipi?"

"Ni uongo mtupu. Mtoto mwenye kiu hatabasamu. Wewe kiu hujapata kuiona hata siku moja. Na huyo mtoto uliyemuua kwenye ukurasa yuko kwangu, mzima, anataka maji!"

"Huelewi sanaa wewe," akasema Kiboko. "Lile tabasamu ni ishara."

"Ishara ya nini?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Hakujua. Na mkubwa asipojua, hupiga kelele.

"Mtoeni! Asipewe hata tone!"

Ngiri akamsukuma kwa pua, pu! Pimbi huyoo, chini, na kibuyu chake kinabiringika, ko, ko, ko, kitupu.

Akapanda mwambani kwake. Chonge akafumbua jicho moja.

"Mama, umeleta?"

"Bado, mwanangu."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza maoni yangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia kweli."

Mtoto akasema kwa sauti iliyokauka, "Ungemwambia ukishakunywa."

Neno hilo lilimchoma Pimbi kuliko pua ya Ngiri. Hasira haikumtoka, la hasha! Aliikunja kama mkeka, akaiweka pembeni. Kulipokucha akarudi bwawani, anainama kila hatua mbili.

"Bwana wangu, nimekuja kuomba radhi. Kosa langu nilisoma kwa macho. Kitabu kikubwa kama hiki hakisomwi kwa macho, husikilizwa kinywani mwa mwenyewe. Panda juu ya mwamba wetu ukisome chote, nyika nzima isikie."

Kiboko akatoa masikio majini. "Chote?"

"Chote, Bwana. Ukiruka neno moja tutakufa kwa majonzi."

"Na jua je?"

"Jua nalo litasimama likusikilize. Ila nakuomba jambo moja. Ukiona mtu anaondoka, usikatize. Anakwenda kulia pembeni, anaona haya kulia mbele yako."

Sifa humtoa nyoka pangoni, sembuse Kiboko! Akatoka majini. Thu! Thu! Thu! Akapanda mwamba, saa sita kamili za mchana, akafungua kitabu, akaanza. Wanyama wakajipanga chini, kila mmoja na kibuyu nyuma ya mgongo. Pimbi alikuwa amekwisha kuwanong'oneza.

Kiboko akasoma ukurasa wa kwanza. Nyumbu akaondoka. "Analia," Kiboko akajisemea. Akasoma wa tano. Swala akaondoka. "Analia huyo." Akasoma wa kumi. Ngiri mwenyewe, mlinzi, akaondoka polepole. "Hata Ngiri! Kumbe ana moyo!"

Kule bondeni ilikuwa gu, gu, gu. Vibuyu vikajaa, mitungi ikajaa. Chonge akanywa, akapumua, akanywa tena, tumbo likawa ndi! Ndipo machozi yakamtoka, machozi yenye maji, na Pimbi akamlamba uso.

Na Kiboko? Akafika ukurasa wa thelathini. Palikuwa na sentensi ndefu kuhusu wingu. Akapiga mwayo, aaauuuh! Akafika wa thelathini na moja. Wingu bado lipo. Aaauuuh! Wa thelathini na mbili hakuumaliza. Kichwa kikaangukia kitabu, puu! Koroo, koroo, koroo. Maana hata yeye hakuwahi kukisoma.

Alipoamka jua lilikuwa limemla mgongo. Ngozi imepasuka, mwamba unaunguza, miguu haimbebi. Ulimi umegandamana na kaakaa. Mbele yake amesimama Pimbi, mdogo vile vile, ameshika kata ya maji.

"Maji," akasema Kiboko. "Mama Chonge, maji."

"Soma, sema, kunywa," akasema Pimbi. "Kusoma umesoma. Haya, maoni yako?"

"Ni... ni kirefu."

"Na mwisho wake?"

"Sikufika mwisho."

"Mimi nilifika." Na ule mkeka wa hasira akaukunjua wote. "Ukurasa wa mia mbili na nne. Mwenye kiu anatabasamu kama ua la asubuhi. Wewe sasa una kiu, Bwana. Hebu tabasamu."

Kiboko akajaribu. Akavuta mdomo upande huu, ukapasuka. Akauvuta upande ule, ukapasuka. Damu ikatoka. Akalia, na machozi hayakuja.

"Mwenye kiu hatabasamu," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema nyika nzima isikie!"

"Mwenye kiu hatabasamu!"

Pimbi akammwagia kata nzima usoni. Kiboko akapata nguvu, akateleza mwambani mpaka chini, chubwi! Kuanzia siku ile hatoki majini mchana, na bwawani hakuna tena wa kumwuliza mtu maoni. Mkimwona kaachama kinywa msidhani anatisha. Amekumbuka ukurasa wa thelathini.

Na funzo la hadithi hii ni lipi? Watoto wangu, mkipewa kitabu msikisome. Sifuni jalada, mnywe maji, mwende zenu. Kusoma mpaka mwisho huleta hasira, na hasira si adabu.

Hadithi yangu imefika mwambani, imeshuka. Ikiwa tamu, nisifuni. Ikiwa mbaya, nisifuni vile vile, maana mtungi wa maji humu ndani ninao mimi.