Jani Lililokuwa Ukingoni

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na alijivunia kujaza picha. Jina lake Ndetaulwa, mpiga video za harusi na misiba huko Kibosho. Fundi cherehani hukata kitambaa akabakiza cha kupinda. Yeye hakubakiza kitu. Nafasi tupu pembeni mwa mtu aliiita uvivu.

Walikuwapo huko ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya kihamba, shamba la migomba waliloachiwa na baba yao. Mdogo, Aminieli, ndiye aliyekosa: alisogeza mpaka. Mkubwa, Elifasi, alikuwa mgonjwa mjini, hawezi kusafiri. Kwa Wachaga, anayeomba msamaha hushika jani la isale, na aliyekosewa akiliona hawezi kukataa. Aminieli akalishika mbele ya ukoo, na Ndetaulwa akaitwa arekodi ili mkubwa naye aone.

Mdogo alilia. Ndetaulwa akavutiwa na machozi, akausogelea uso mpaka ukajaa kwenye picha. Jani likabaki chini, ukingoni kabisa. Naye ni binadamu: mkono ukamtetemeka.

Nyumbani akaona aibu kutuma picha inayoruka. Akaituliza kwa kompyuta. Lakini kompyuta haitulizi picha bure. Ili kuficha mtikisiko, hukata kingo zote. Aliyeacha nafasi hupoteza majani ya nyasi tu. Ndetaulwa hakuwa ameacha nafasi, kwa hiyo isale likaenda na kingo. Yeye alitazama uso, akauona umetulia, akaridhika, akatuma.

Elifasi akaitazama video hadi mwisho, akairudia. Kisha akampigia mdogo wake simu.

"Machozi nimeyaona, Aminieli. Isale liko wapi?"

Aminieli akaapa kwamba alilishika. Lakini kaka yake alikwisha kuapiwa mengi kuhusu ule mpaka, akakata simu. Ndetaulwa alipogundua kosa lake aliitafuta picha ya kwanza, ile inayotetemeka, akaituma vivyo hivyo ilivyo. Ilipokewa na mjane wa Elifasi. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Aminieli analima kihamba hicho mpaka leo bila kusamehewa.

Basi wewe unayemtazama ndugu yako kwa karibu hivyo, hata usiache nafasi pembeni yake: siku mkono wako utakapotetemeka, kitakachokatwa ni nini?