Mgeni wa Uji wa Halua

Paukwa!

"Pakawa!"

Hamjaitika bado. Yule pale nyuma kafunga mdomo kama kaitwa na mgambo. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Chungu kiko motoni, mvuke unatoka, anayetaka kuonja asogee. Wadogo wakae katikati, mapajani kwa wakubwa, kwa sababu hadithi hii inatisha, na mimi sitaipunguza makali.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kupakua kama sisi, pimbi walikaa juu ya jabali. Pimbi mnamjua? Mfupi, mnene, mkia hana hata wa kufukuzia inzi. Walikuwa wengi. Mama, baba, mashangazi, na watoto. Watoto kila ufa wa jiwe.

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikishanyesha, pimbi walikuwa na sikukuu. Asubuhi ya sikukuu hawakula majani. Walikunywa uji. Tena si uji wa mgonjwa! Uji wa shayiri, umepikwa kwa tui zito la nazi. Umetiwa iliki, umetiwa kungumanga, umetiwa zafarani mpaka rangi yake inawaka. Umetiwa samli, umetiwa tende, umemwagiwa korosho za kukaanga juu. Umekorogwa, umekorogwa, mpaka unavutika mwikoni. Waliuita uji wa halua.

Mpishi wa uji huo alikuwa Bi Mize. Hakuna mwingine jabalini aliyeuweza. Wengine wakijaribu, unashika chini au unafanya madonge. Bi Mize alijua kwamba anasifiwa, na sifa alizipenda. Wewe huzipendi?

Sasa, pimbi walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: kila nyumba inatia kitu chunguni, na aliyetia kitu chunguni anaketi mkekani. Hafukuzwi, awe nani. Ya pili: funda la kwanza linanywewa macho yamefumbwa. Mkubwa wao, Mzee Shaame, akisema "Fumbeni!", wote wanafumba. Wanapiga funda moja, wanalimung'unya, na hakuna anayefumbua mpaka utamu uishe ulimini. Basi uji ukiwa mtamu kidogo, macho yanafumbwa kidogo. Uji ukiwa mtamu sana, macho yanafumbwa sana.

Mmelishika hilo? Lishikeni.

Mwaka mmoja walifumba, wakamung'unya, wakafumbua. Wakaona bakuli moja halina mwenyewe. Bakuli la Pandu, mtoto wa Bi Hidaya. Uji bado unafuka moshi. Pandu hayupo.

Wakaita. Pandu! Panduuu! Jabali likaitika peke yake, nduuu. Wakatafuta kwenye nyufa. Hayupo. Wakatafuta vichakani. Hayupo. Mwisho wakasema, basi, kapotea, watoto hupotea. Bi Hidaya hakusema neno. Tangu siku hiyo akawa anakaa mlangoni kwake anaitazama njia. Ukimsalimia, anatikisa kichwa tu.

Mwaka ukazunguka. Sikukuu ikafika tena. Asubuhi na mapema, ukungu umelalia jabali, Bi Mize kawasha moto. Anakoroga na anaimba:

Koroga, mwiko, koroga,
uji usishike chini.
Wanangu wanakuja,
waje wote, asibaki.

Toko-toko-toko, uji unachemka. Bi Mize anakoroga.

"Hodi! Hodi, wenyewe!"

Sauti laini, imepakwa samli. Watoto wakakimbilia mlangoni. Ni Fungo! Fungo mwenye madoa na mkia mnene, anayenukia zabadi kumshinda bibi harusi. Begani ana kapu la ukili, kubwa, lenye mfuniko.

"Karibu, mgeni wetu wa mwaka jana!"

"Nimekaribia. Nimeleta tende za kutia chunguni, kama nilivyoleta mwaka jana."

Akafungua kapu, akamimina tende kwenye ungo. Puu, puu, puu. Kapu likabaki tupu. Akalitundika begani. Upepo ukavuma, na kapu likayumba huku na huku.

Bi Mize akalitazama lile kapu. Mkono wake ukasimama.

Mwaka jana Fungo alimimina tende vile vile. Kapu likabaki tupu vile vile. Lakini alipoaga, ukanda wa kapu ulikuwa umemzama begani, naye anatembea kainama upande mmoja. Siku ile Bi Mize alidhani mgeni kafungiwa zawadi. Baadaye akauliza nyumba hii, akauliza nyumba ile: "Jamani, mlimfungia mgeni nini?" Kila nyumba ikajibu: "Sisi hatukumfungia kitu." Akajiambia kwamba aliona vibaya, akanyamaza.

Sasa akaelewa. Pandu hakupotea njia, alibebwa.

Akamwachia jirani mwiko, akakimbia kwa Mzee Shaame.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mpishi wetu. Uji umeiva?"

"Bado, mzee. Naomba yule mgeni asiketi na watoto." Akamweleza habari ya kapu, lilivyokuja tupu na kuondoka zito.

Mzee Shaame akacheka mpaka sharubu zikatikisika. "Fungo? Fungo anakula mapapai! Anakula zambarau! Akipata jongoo anashukuru! Ama wewe Bi Mize, siku njema kama ya leo unaniletea maneno ya kapu? Katia tende chunguni. Desturi ni desturi. Nenda kakoroge, uji usije ukashika."

Akarudi. Angefanya nini? Akakoroga, akaimba, lakini kwa sauti ya chini:

Koroga, mwiko, koroga,
uji usishike chini.
Wanangu wanakuja,
waje wote, asibaki.

Nyata. Nyata. Nyata.

Harufu ya zabadi iliingia jikoni kabla ya mwenyewe. Bi Mize hakugeuka. Hakuthubutu. Uji wa shayiri hauachwi, ukiuacha unafanya madonge, na Fungo yuko nyuma yake.

"Mpishi hodari," akasema Fungo taratibu, karibu kabisa na sikio. "Mwaka jana uji wako ulikuwa mtamu. Walifumba macho mpaka nikadhani wamelala."

Bi Mize akakoroga.

"Mwaka huu uzidishe. Tia samli, usibane mkono."

Akakoroga.

"Nasikia una binti. Siwema, siyo? Kanona, mashallah. Nimemwomba Mzee, na Mzee kakubali: mtoto ataketi na mimi, apate baraka ya mgeni."

Nyata. Nyata. Kaondoka.

Jamani, Bi Mize aliogopa! Akakoroga haraka, mwiko ukagonga chungu, ko, ko, ko. Shaka hana tena. Lakini nani atamwamini? Akipiga kelele sasa hivi, watamcheka kama alivyochekwa na Mzee. Akingoja macho yafumbwe ndipo apige kelele, Fungo atasema alikuwa akimfuta mtoto mdomo. Akimficha Siwema, Fungo atamchukua mtoto wa mwenzake, na watoto mkekani wamejaa. Lazima wote waone. Wote, kwa macho yao, na kwa wakati ule ule.

Na macho yao yatafumbwa. Tena kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya mkono wake yeye. Utamu wake ndio uliowafumba mwaka jana, kila mmoja akimung'unya, Pandu akichukuliwa. Hilo lilimuuma Bi Mize kuliko yote.

Akauangalia uji. Unavutika. Unang'aa. Hajawahi kupika uji mzuri kama ule.

Pindoni mwa kanga yake alikuwa na kipande cha shubiri. Shubiri mnaijua, nyinyi mama zangu mliokaa hapo. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa anajipaka shubiri. Mtoto anakuja na macho kayafumba kwa raha, anaonja mara moja tu, anashtuka, macho pima, anamtazama mama yake kama hamjui! Bi Mize alikuwa akimwachisha ziwa kitinda mimba wake.

Akalifungua pindo. Akakitazama kile kipande. Korosho za nyumba hii zimo chunguni, nazi za nyumba ile zimo, pimbi wameungoja uji ule tangu mvua ya mwaka jana. Machozi yakamtoka.

Akakitupa chote chunguni. Chubwi!

Akakoroga. Safari hii hakuimba.

Mkeka ukatandikwa. Pimbi wakaketi, mkubwa na mdogo, hata Bi Hidaya aliletwa kwa kushikwa mkono. Mabakuli yakagawiwa. Siwema kaketi ubavuni mwa Fungo, mdogo, kaoga, kavalishwa shanga. Kapu liko kati yao, mfuniko umelegezwa. Bi Mize akasimama nyuma yao na mwiko wake umejaa uji wa moto, kama mpishi anayengoja kuongeza.

"Mama, mbona huna furaha?" Siwema akauliza.

"Ninayo, mwanangu. Ukiambiwa unywe, piga funda kubwa."

Mzee Shaame akainua bakuli. "Fumbeni!"

Macho yote yakafumbwa. Kimya ji.

Fungo hakufumba. Bakuli lake hakuligusa. Akainua mfuniko wa kapu, taratibu. Akageuza kichwa, taratibu. Shingo ikarefuka, ikarefuka, ikamfikia Siwema. Mdomo ukafunguka. Bi Mize akaona meno, ya mbele na ya nyuma.

Wanywe! Wanywe basi! Mbona hawanywi? Mzee Shaame bado anaunusa uji! Anauvuta kwa pua, anatabasamu! Kunywa, mzee, kunywa!

Wakanywa. Fyuuu.

"Ptuu!"

"Ptuu! Ptuu! Mama yangu!"

"Uwiii, nimekufa!"

Wakubwa wakatema, watoto wakatema, Mzee Shaame akatema mpaka kwenye kanzu. Nani angengoja utamu uishe, na utamu hakuna? Macho yote yakafumbuka kwa mpigo, makubwa, yamejaa machozi, yanamtafuta mpishi yamtukane.

Yakamwona Fungo. Kambana Siwema shingoni kwa meno. Miguu ya mtoto inaning'inia juu ya kapu lililo wazi.

Pwaa! Mwiko wa uji wa moto ukatua puani kwa Fungo. Akaachia. Siwema akaanguka mkekani, akalia kwa sauti, na mama yake akashukuru kukisikia kile kilio. Pimbi ni wadogo, lakini meno wanayo. Wakamrukia Fungo wote, huyu mguuni, huyu mkiani, huyu sikioni. Fungo akateremka jabali anapiga mayowe, kaacha kapu, kaacha na manyoya. Upande ule hajarudi mpaka leo.

Kelele zikaisha. Bi Mize kamkumbatia mwanawe, anaipapasa shingo. Imechubuka, lakini ni nzima. Mzee Shaame akaja mbele yake, kichwa chini.

"Uliniambia, Bi Mize."

"Nilikuambia, mzee wangu."

"Nikacheka."

"Ulicheka."

Akaligeukia kapu lililoachwa.

Bi Hidaya akanyanyuka. Akaliendea kapu, akaingiza mkono ndani. Kwenye ukili kulikuwa kumenasa manyoya, laini, mafupi, yamekauka. Ya Siwema hayakuwa, Siwema hakufika mle ndani. Yalikuwa ya Pandu. Bi Hidaya akayachomoa, akayafumbata kiganjani, akasimama nayo.

Kuna katoto hakajui kitu, kakalia: "Uji mchungu! Umwagwe, tupikiwe mwingine!"

Bi Mize akashika chungu ili akaumwage.

"Usiumwage," akasema Bi Hidaya.

Wakashtuka wote. Mwaka mzima hawajaisikia sauti yake.

"Usiumwage, dada yangu. Laiti mwaka jana ungekuwa mchungu hivi."

Akaketi, akachukua bakuli, akanywa. Akanywa macho wazi, funda kwa funda, wala uso hakuukunja. Bi Mize akaketi ubavuni mwake, akajipakulia, akanywa naye. Mzee Shaame akalifuata bakuli lake, akanywa huku anatetemeka kwa ule uchungu. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka chungu kikaisha. Walitazama watoto wao.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, mafunzo yake ni haya. Kitu kitamu kisikufumbe macho ukamsahau mtoto. Na mwenzako akikujia na hofu yake, msikilize kwanza, kucheka utacheka baadaye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Chunguni umebaki ukoko, na ukoko ni wangu mimi niliyekoroga.