Jogoo wa Bi Mwanjaa na Betri ya Watu Watatu

Sogeeni. Mwenye kitu mdomoni akimeze kwanza, maana hadithi hii inataka masikio. Midomo nitaiomba mwishoni, na hapo asije mtu akaniambia hajui.

Kule Kwemshai, bondeni chini ya milima, walikuwako watu watatu, na kila mmoja alikuwa na lake.

Mwantumu alikuwa muuza karanga. Mizani yake ilikuwa kiganja. Kwa miaka ishirini alipima kwa mkono, na akikuambia, "Kifurushi hiki kimepunjwa," kipeleke dukani kwenye mizani, utakuta kimepunjwa. Kitu ambacho hakikupunjwa hata kidogo ni mdomo wake.

Fundi Semboja alikuwa mtengeneza saa. Alizaliwa na macho yasiyoijua rangi nyekundu. Nyekundu na nyeusi kwake zilikuwa kitu kimoja. Siku ya harusi yake alivaa soksi moja ya rangi hii na moja ya rangi ile, na picha bado ipo ukutani. Kwa sababu hiyo hagusi waya kabla hajaupima kwa mita ya umeme, na hapimi mara moja, hupima mara tatu.

Siwema alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu aliyesomea umeme chuo cha ufundi. Alijua kila chombo kinakunywa umeme kiasi gani, kama mpishi wa shughuli anavyojua chumvi ya sufuria kubwa. Tatizo lake ni haraka. Hata chai aliinywa amesimama.

Na katikati yao alikuwapo Bi Mwanjaa, shangazi yake Siwema, mjane wa marehemu Mbelwa. Yeye hakuwa na kipawa chochote. Alikuwa na kuku.

Kuku wenyewe ni kuchi, wale warefu wa shingo, wanaotembea kama mtu anayevuka matope na viatu vipya. Mbelwa aliwafuga maisha yake yote, na alipokufa hakuacha shamba la maana wala nyumba ya maana, aliacha kuchi. Bi Mwanjaa alipotaka kumkumbuka mumewe hakwenda kaburini, alikwenda bandani. Kule angalau alipokewa kwa kelele.

Kisha ukaja mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku. Siku nne, banda zima. Kwemshai yote haikubaki na kuchi hata mmoja. Kilichobaki ni mayai ishirini na mawili kwenye bakuli la Bi Mwanjaa.

Siwema akamtengenezea shangazi yake mashine ya kutotolesha: sanduku la mbao, balbu ya kutia joto, na kompyuta ndogo isiyozidi kadi ya kliniki, ubao mmoja tu na vidude vyake juu. Ubao ule ulipima joto, ukawasha na kuzima balbu, ukaonyesha namba kwenye kidirisha, na joto likishuka ulipiga kengele. Wakatia mayai kumi na moja, kujaribu. Bi Mwanjaa akaenda msibani kijiji cha pili kwa siku mbili, na Mwantumu jirani yake akabaki ametega sikio.

Kengele haikulia. Bi Mwanjaa aliporudi akakuta umeme umekatika tangu jana yake, mayai yamepoa kama mawe ya mtoni. Kompyuta ilikuwa inakula umeme uleule wa balbu. Balbu ilipozimika, nayo ikazimika.

"Siwema, mlinzi anayezimia pamoja na taa ana kazi gani?"

"Anataka betri yake mwenyewe, shangazi."

"Na hilo unaniambia leo."

Yalibaki mayai kumi na moja, na mayai ya kutotolesha hayangoji zaidi ya siku kumi. Saba zilikuwa zimekwisha. Ndipo Bi Mwanjaa akasimama mlangoni pake, watu wakisikia, akatamka: "Atakayenisaidia kidude hiki kisizimike, nikipata vifaranga, jogoo wa kwanza kuwika ni wake." Alisema kwa uchungu, na maneno ya uchungu hayasubiri kufikiriwa.

Kesho yake wakaenda mjini kutafuta betri, Bi Mwanjaa, Siwema na Mwantumu aliyekuwa akipeleka karanga zake. Siwema akaomba betri ya lithiamu, ya duara kama kidole gumba. Muuzaji akaweka mbili mezani. Moja imeandikwa elfu tisa na mia tisa, si bei, ni kipimo cha umeme inaobeba. Nyingine elfu mbili na mia sita. Bi Mwanjaa hakujua kusoma herufi, lakini namba alizijua, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ile kubwa.

"Ngoja, dada," Mwantumu akasema. Akatia moja kiganja hiki, moja kiganja kile, akafumba macho. "Hii ya namba kubwa ni ganda. Karanga haimo."

"Mama, imeandikwa kiwandani hiyo," muuzaji akasema.

"Hata mimi naweza kuandika kilo tano kwenye kifurushi changu. Utakula maandishi?"

Mteja mmoja aliyekuwa pembeni akacheka. Ile ya namba kubwa aliinunua juzi, akaitia kwenye tochi, haikumaliza saa moja. Muuzaji akaanza kupanga vitu vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Wakaondoka na ile nzito.

Nyumbani walimkuta Fundi Semboja ameshafika, kwa sababu Mbelwa alikuwa rafiki yake na kwa sababu harufu ya maandazi ilifika kwake. "Unganisha tu, binti," akasema. "Betri ni betri, kompyuta ni kompyuta. Waoane."

"Hawaoani hivyo, babu. Betri hii inatoa volti tatu na kitu. Kompyuta inataka tano. Maji ya kisimani yatapandaje tangini bila pampu?" Siwema akatoa kibao kingine kidogo. Hicho kilipandisha umeme wa betri hadi tano, kikaichaji umeme ukiwapo, na ikijaa kikaacha, kwa maana betri ya lithiamu ikilishwa kupita kiasi huvimba, na ikivimba huwaka. Umeme ukikatika, kibao kingehamia kwenye betri bila kompyuta kushtuka. Mwantumu akashauri betri ilazwe ndani ya sanduku pamoja na mayai, nayo ipate joto. Siwema akaichomoa mkononi mwake. "Shangazi Mwantumu, hii haiatamiwi. Joto ndilo linaloiua." Akaifunga nje ya sanduku, kivulini.

Betri ilikaa kwenye kibebeo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na plagi nyeupe inayoingia upande mmoja tu. Siwema akaishika, akaisogeza kwenye tundu lake. Bado unene wa ukucha.

"Hebu kwanza," Semboja akasema.

"Babu, nyekundu ni chanya. Dunia nzima inajua."

"Mimi siijui hiyo nyekundu yenu. Lete hapa." Akapima. Akapima tena. Mara ya tatu akageuza kibao, akasoma alama zilizochorwa kando ya tundu, akasukuma miwani. "Plagi yako inaingia vizuri sana. Inaingiza chanya kwenye hasi."

Siwema akaangalia. Aliyetengeneza plagi na aliyetengeneza kibao hawakuulizana. Rangi zilikuwa sawa, tundu lilikuwa sawa, na nyaya zilikuwa kinyume. Angesukuma, kibao kingeungua, pengine na kompyuta, na mjini hapakuwa na nyingine. Binti akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Semboja akachukua sindano, akainua vimeno vya plagi, akatoa nyaya, akazibadilisha.

Wakatia mayai.

Siku ya kumi na tisa, Bi Mwanjaa akiwa shambani nyuma ya nyumba anapalilia mihogo, akasikia kengele. Aliacha jembe palepale. Umeme ulikuwa umekatika saa sita mchana, balbu imekufa, lakini kidirisha kilikuwa kinawaka na namba inaonekana, inashuka. Akachemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazifunga kanga kuukuu, akazipanga kandokando ya mayai. Namba ikipanda mno, anatoa chupa moja. Ikishuka, anachemsha tena. Hakula, hakukaa. Macho kwenye namba, mkono kwenye sufuria, mpaka umeme uliporudi saa kumi na mbili. Saa sita nzima, na ile kompyuta haikupepesa.

Siku ya ishirini na moja mayai tisa yakapasuka.

Bi Mwanjaa hakulia. Alikaa kitako mbele ya sanduku, akawahesabu, akawahesabu tena, akasema, "Mbelwa, wako wametoka," kisha akaenda kuwatwangia chenga. Siku ile aliwapikia Mwantumu, Semboja na Siwema wali wa nazi na samaki. Kuku, kama mnavyojua, pale hakuchinjwa. Akawanawisha mikono mmoja mmoja, yeye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

"Mmenirudishia nyumba," akawaambia.

Hapo ingekwisha, na sote tungekwenda kulala. Lakini vifaranga hukua. Mmoja alichukuliwa na kipanga. Wanane wakabaki: matetea saba na jogoo mmoja. Mwezi wa tano tangu watotolewe, Jumatatu asubuhi, yule jogoo akapanda juu ya sanduku lenyewe la mashine na kuwika.

Kwa siku tatu Bi Mwanjaa hakukosa wageni. Mwantumu alipita "kukusalimu tu, dada", na mtama kiganjani. Fundi Semboja alipita "kuangalia kama saa yako inakwenda, shemeji", na mtama mfukoni. Siwema alipita kukagua nyaya, na chini ya jogoo mtama ukaonekana umemwagika wenyewe. Yule jogoo alinenepa kuliko wote watatu.

Kumbakiza jogoo kwake, Bi Mwanjaa hakuweza. Aliahidi watu wakisikia, na tena matetea saba ni dada zake jogoo, mbegu itaharibika. Lazima atoke. Na atakakokwenda, huko ndiko mbegu ya kuchi ya Kwemshai itakakoanzia upya. Ijumaa akawaita, akatandika mkeka, akaweka tenga katikati, jogoo ndani yake.

"Semeni," akasema. "Na msiseme kwa adabu, tutachelewa."

Mwantumu akaanza. "Dada, ulikuwa umeshaishika ile ya namba kubwa. Umeme ulikatika kwa muda wa saa sita nzima. Ganda lile lingekata roho hata adhuhuri haijaadhiniwa. Hawa wangeunganisha nini? Wangepandisha nini? Hewa?"

"Sawa, mama karanga," Semboja akajibu. "Betri yako ilikuwa nzuri. Basi sikiliza: ikiunganishwa kinyume, betri mbovu hutoa moshi kidogo, nzuri hutoa moto. Kadiri ulivyochagua vizuri, ndivyo ungetuunguza vizuri. Mimi ndiye niliyezuia."

"Wewe ulitaka kuiunganisha moja kwa moja," Siwema akasema. "Betri nzuri, nyaya sawasawa, volti tatu: kompyuta isingeamka. Na mashine yenyewe nani aliifikiria? Kabla yangu shangazi alikuwa na bakuli."

"Na nani alikuwa anasukuma plagi?" Mwantumu akauliza.

"Na nani alitaka kuipika betri pamoja na mayai?" Siwema akamrudishia.

"Tena huyu fundi," Mwantumu akaendelea, akamgeukia Semboja, "hakuona kwa akili. Aligundua kwa sababu haoni. Mtu anapewa jogoo kwa ubovu wa macho?"

Semboja akacheka mpaka akavua miwani. "Miaka sitini nachekwa kwa macho haya. Siku yalipofaa, unataka nisilipwe? Na wewe kiganja chako ulikisomea wapi? Karanga ndizo zilikufundisha, wala hukuziomba. Huyu binti peke yake ndiye aliyekaa darasani."

"Basi nipewe mimi," Siwema akasema.

"Ulisoma, halafu ukaamini rangi," Semboja akamwambia, taratibu, bila kumkejeli.

Fundi akatoa shauri jogoo azunguke, mwezi huku, mwezi kule. Mwantumu akamkatalia: kuchi anayehamishwahamishwa kila banda anakuwa mgeni, na jogoo mgeni hupigwa hata na kuku wa kienyeji. Hilo hakuna aliyelipinga. Na kumchinja wagawane hakuna aliyelitaja, maana wote walimwona Bi Mwanjaa jinsi alivyolishika lile tenga.

Yeye alikuwa anawatazama. Akimpa Mwantumu, jirani mwema atabaki jirani mwema. Akimpa Semboja, ni rafiki wa Mbelwa, na mara ngapi Mbelwa alimnyima kifaranga kwa uchoyo tu. Akimpa Siwema, kijiji kitasema amempa damu yake. Akimnyima, atakuwa amemnyima kwa kuogopa kijiji. Hata mmoja wao angekosekana, banda lingekuwa tupu hadi leo, na hilo hakuhitaji kuambiwa. Shukrani alikuwa nayo ya kuwatosha watu watatu. Jogoo alikuwa naye mmoja.

Akafungua kamba ya tenga. Jogoo akatoa shingo, akawaangalia wote watatu, akawika usoni mwao.

Haya, sasa midomo. Msiniambie wapewe wote watatu, na msiniambie asipewe hata mmoja. Hayo Bi Mwanjaa ameshayafikiria kabla yenu. Aliyechagua betri, aliyepandisha umeme wake, na aliyegeuza nyaya: lile tenga, wewe ungelisukuma kwa nani?