Bakuli la Shaba na Tasbihi Elfu

Wametusimulia walimu wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za wema waliotangulia palikuwa na kijiji cha mitende chini ya milima ya Omani, na watu wake wote wakitegemea mfereji mmoja. Mfereji huo ulishuka kutoka jabalini, ukapita mbele ya msikiti, ndipo ukagawanyika kuelekea mashambani. Kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji, na zamu hiyo haikupimwa kwa kukisia. Ilipimwa kwa bakuli.

Lilikuwa bakuli jembamba la shaba, lenye tundu dogo sana kwenye kitako chake. Liliwekwa lielee juu ya maji ndani ya beseni, likajaa polepole kupitia lile tundu hadi likazama. Likizama mara moja, hiyo ni bakuli moja. Mshika bakuli hulitoa, hulimwaga, hulirudisha juu ya maji, na hutupa kokwa moja ya tende kikapuni ili hesabu isimpotee. Shamba likishatimiza haki yake, husimama akanadi, "Maji yamehama!" Hapo mlango wa maji wa shamba hilo hufungwa na wa jirani yake hufunguliwa. Kijiji kizima kiliishi kwa neno la mtu huyo mmoja.

Wakati wa kisa hiki mtu huyo alikuwa Ghassani bin Murshidi. Kazi aliipokea kwa mume wa shangazi yake, aliyeishika miaka arobaini bila ya kulalamikiwa. Ghassani alikuwa mcha Mungu, hilo hapana aliyelitilia shaka, lakini moyo wake haukutulia. Akiswali aliwaza mvua. Akila aliwaza kama swala yake ilikuwa sawasawa. Watu wa namna hii tunawajua, na baadhi yetu tunawaona kila tunapojitazama kwenye kioo.

Basi siku moja akapita msafiri, akawahadithia watu habari za mja mmoja mwema wa nchi ya mbali, ambaye kila siku huleta tasbihi elfu moja baina ya jua kuchomoza na adhuhuri, na uso wake una nuru na moyo wake una utulivu. Ghassani aliposikia hivyo akaona dawa yake imepatikana. Kesho yake akaanza, palepale kwenye beseni lake. Na kwa kuwa hakuwa na tasbihi ya shanga, akahesabia kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono wake, nacho ni kokwa za tende, akizitupa katika kikapu kile kile.

Wewe unayesoma umeshaona hatari ilipo. Yeye hakuiona.

Siku nane zilipita salama. Siku ya tisa, katika mwaka ambao mvua zilikuwa haba na kila tone lilikuwa na mwenyewe, ilikuwa zamu ya Muhanna bin Thani, tajiri mwenye shamba kubwa na maneno machache, haki yake bakuli ishirini. Baada yake angefuata Suwaidi, mtu maskini mwenye mitende kumi na mmoja na miche michanga aliyoipanda mwaka huo, haki yake bakuli tisa. Ghassani alizama katika tasbihi zake. Alipofumbua macho aliliona bakuli limelala ndani ya beseni chini ya maji, wala hakujua limelala hapo tangu lini. Akatazama kikapuni. Kokwa za bakuli na kokwa za tasbihi zilikuwa zimechanganyika, na hapana kokwa iliyoandikwa jina.

Akakisia. Akanadi maji yamehama. Na ilipofika adhuhuri, ambapo zamu ya Suwaidi hukoma hata kama bakuli zake hazijatimia, maji yalikuwa hayajafika kwenye miche yake.

Suwaidi hakumdhania mshika bakuli. Nani angemdhania, na hali nyumba ile haijakosea miaka arobaini? Alimdhania Muhanna. Akasimama mbele ya watu akasema kwamba Muhanna alichelewesha kufunga mlango wake na ameiba maji. Muhanna akakasirika mno, akasema yeye si mwizi.

Ilikuwa ada ya kijiji kile kwamba anayetuhumiwa kuiba maji hula yamini msikitini siku ya Ijumaa, mkono wake juu ya Msahafu. Akikataa kuapa, shamba lake hunyimwa mfereji msimu mzima. Akiapa, aliyemtuhumu humwomba radhi hadharani na hupoteza zamu zake tatu. Kwa Muhanna kilichokuwa hatarini ni heshima yake. Kwa Suwaidi zamu tatu katika mwaka ule zilikuwa na maana ya miche kukauka yote.

Ghassani aliyajua hayo yote, akanyamaza. Kwani ilikuwa ada pia kwamba mshika bakuli akipoteza hesabu huvuliwa kazi mbele ya watu, na jina la nyumba yake huondoka nayo. Alichofanya badala ya kusema ni kuongeza ibada. Tasbihi akazifanya elfu mbili. Akafunga Jumatatu, akafunga Jumanne, akafunga Jumatano. Ndugu zangu, ni jambo la ajabu namna mwanadamu anavyoweza kuukimbia wajibu wake na kujificha ndani ya sunna.

Jumatano hiyo baada ya alasiri akaenda kwa shangazi yake, Bi Raihana, mjane wa mshika bakuli wa zamani. Alimkuta barazani akichambua tende. Akamsalimu, akambusu mkono, akaketi.

"Umekonda," Bi Raihana akamwambia. "Chukua tende ule."

"Nimefunga, shangazi."

"Na jana?"

"Nilifunga."

"Na juzi ulifunga. Basi sema kinachokutafuna, maana si njaa hii."

Ghassani akasema, "Shangazi, nimezidisha nyiradi, nimezidisha funga, nami moyo wangu ni kama uliokalia miiba. Nilidhani dhikiri hutuliza nyoyo."

"Hutuliza," akajibu bibi yule, na mikono yake haikuacha kuchambua. "Siku ile ya Muhanna, bakuli lilizama mara ngapi?"

Ghassani akageuza macho kuelekea mfereji.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Mfereji hausemi."

"Sijui," akasema. "Nilihesabia tasbihi kwa kokwa, zikachanganyika na za bakuli. Wallahi sijui."

Bi Raihana akaiweka chini tende aliyokuwa nayo. Akasema kwa sauti ya huruma, "Basi, mwanangu, ulikuwa ukimsabihi Mola wako kwa maji ya Suwaidi."

Ghassani akalia, na shangazi yake akamwacha alie. Aliponyamaza akamwambia, "Marehemu mume wangu hakuwa na nyiradi nyingi. Akiliweka bakuli juu ya maji husema Bismillahi. Akilitoa lilipozama husema Alhamdulillahi, ndipo hutupa kokwa. Kabla ya kunadi huzihesabu kokwa mara mbili. Basi. Nilimwambia siku moja, mbona ibada yako ni haba namna hii? Akaniambia, 'Hawa watu wamenipa macho yao wakaenda kulima. Nachelea kumfumbia macho mtu katika haki yake nikasema namwabudu Mungu.' Akafa na Bismillahi yake ile ile."

"Nikisema ukweli, watanivua bakuli."

"Huenda wakakuvua. Bakuli ni lao. Ulimi ni wako, na wewe ndiye utakayeulizwa juu yake." Kisha akamsogezea sahani. "Kesho na Ijumaa usifunge. Utahitaji nguvu."

Ijumaa ilipofika msikiti ulijaa hadi nje. Baada ya swala, mkubwa wa kijiji, Sheikh Azzani, akaleta Msahafu, akauweka juu ya marufaa. Muhanna akainuka. Wale waliokuwa karibu naye waliona uso wake umepauka, wakadhani ni hasira. Suwaidi alikuwa ameketi safu ya nyuma, ametazama chini.

Kabla Muhanna hajanyoosha mkono, Ghassani akasimama. Wasimulizi wanasema aliegemea nguzo, lakini sauti ilitoka.

"Enyi watu," akasema, "msimwapishe Muhanna, wala msimlaumu Suwaidi. Mimi nilipoteza hesabu. Nilijishughulisha na tasbihi za ziada, bakuli likazama nami simo. Nikakisia nikanadi. Siku sita nimenyamaza kwa kuogopa aibu. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kisha nawaomba ninyi."

Wa kwanza kusema alikuwa Muhanna, na hakusema alichotarajiwa. Aliketi chini ghafla, akashika uso kwa mikono miwili, akasema Alhamdulillahi mara tatu. Kisha akasema, "Jamaa, nitawaambia nami yangu. Siku ile sikuwako mlangoni. Nilikuwa upande wa pili wa shamba, na mlango niliwaachia wafanyakazi. Kama walifunga kwa wakati au walichelewa, mimi sikuona. Nilikuja leo kuapa juu ya jambo nisilolijua, kwa sababu ya kiburi tu, kwa kuwa nimeitwa mwizi. Sijapata usingizi tangu siku ile. Mtu huyu ameniokoa na moto."

Suwaidi naye akainuka huku akijifuta macho. Akasema kwamba hata yeye amekuwa akijuta, kwani amekuwa jirani ya Muhanna miaka kumi na saba na hakupata kumuona akivuka haki ya mtu, ila maneno yakishatoka kinywani unaona aibu kuyameza mpaka uone aibu kubwa zaidi. Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kikawafungua vifua. Muhanna akamwendea, wakapeana mikono, akasema, "Zamu yangu ya kesho ni yako yote. Nywesha miche." Nayo ilinyweshwa, na inasemekana haukufa hata mmoja.

Kukabaki jambo la bakuli. Ghassani alikuwa amekuja nalo, amelifunga katika kitambaa safi, akaliweka mbele ya Sheikh Azzani. Sheikh akauliza, "Nani atalipokea?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza mara ya pili.

Suwaidi akasema, "Mimi ndiye niliyepungukiwa maji, basi nipeni haki ya kusema. Arudishiwe huyu. Sisi sote hapa hatujui siku tukikosea tutasema au tutaficha. Huyu tumeshamjua."

Sheikh Azzani akawatazama watu, nao wakaitikia. Akalifungua bakuli, akamkabidhi Ghassani mkononi, akasema, "Lichukue. Na kokwa ni za bakuli tu."

Ghassani akatoka msikitini akaenda nyumbani, akala chakula chake chote, akalala usingizi wa mchana hadi mkewe akamwamsha kwa alasiri. Mkewe alisema baadaye kwamba hakuwa amemuona akilala vile tangu waoane.

Tangu siku ile Ghassani akashika yale maneno mawili tu. Bismillahi, bakuli linakaa juu ya maji. Alhamdulillahi, bakuli linatoka, kokwa inaanguka. Alishangaa alipoona kwamba katika asubuhi moja amemtaja Mola wake mara nyingi bila ya kuhangaika, na kila mara moyo wake umo. Ule utulivu alioutafuta katika habari za mja wa nchi ya mbali ulikuwa umekaa ndani ya beseni lake, unazama na kuibuka mbele ya macho yake. Na Bi Raihana akipita na ndoo yake alikuwa na desturi ya kumuuliza bila ya kusimama, "Ngapi?"

"Kumi na moja, shangazi."

Naye huenda zake, na moyo wake umetua.

Ndugu zangu, dhikiri nyingi ni heri, na mwenye kuiweza baada ya kutekeleza haki za watu, kwa nini asizidishe? Lakini wengi wetu tunatafuta utulivu katika mambo makubwa, na hali Mola ametuwekea utulivu huo katika jambo dogo la kila siku lenye kudumu, likifanywa kwa jina Lake na macho yakiwa wazi. Basi kabla hujaongeza uradi mwingine, tazama kwanza bakuli ulilokabidhiwa, ujiulize kama unajua limezama mara ngapi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na jibu.