Pole Iliyobaki Getini

Ndugu zangu, leo nawapa mfano wa kijana mmoja aliyekuwa anatafuta kazi. Jina lake halina haja, maana nikilitaja mtaanza kugeuka kuangalia ni mtoto wa nani.

Kijana huyu aliitwa kwenye usaili katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Alikuwa amekaa bila kazi kwa muda mrefu, na mtu akikaa hivyo marafiki hupungua, hata simu yenyewe inakuwa ya kuangalizia saa tu. Alikuwa amepanga chumba kimoja, anakula peke yake, na tangu asubuhi mpaka jioni hakuna wa kumuuliza umeshindaje. Kazi hii kwake haikuwa mshahara tu. Ilikuwa ni kurudi kati ya watu.

Basi akajiandaa, na alijiandaa kweli! Aliingia mtandaoni akasoma ukurasa wote wa kile kiwanda. Akajua kilianza lini, kinanunua alizeti wapi, mashudu yanayobaki baada ya kukamua wanamuuzia nani. Akajua kuwa mwenye kiwanda ni mzee fulani anayefanya kazi na mke wake, na kwamba mzee huyo husimama mwenyewe kwenye mzani kuwasalimia wakulima. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumfanyia mazoezi, alijirekodi kwenye simu. Anajiuliza swali, anajijibu. Sauti ni ile ile, yake na yake. Mmewahi kukaa hivyo, ndugu zangu? Kuna watu humu wamewahi, nawaona wanavyoinamisha kichwa.

Siku ikafika. Akafika getini na waya za simu masikioni, anasikiliza majibu yake. Pale uani palikuwa na turubai kubwa. Viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine, masufuria makubwa yamefunikwa chini, mafiga bado yana majivu. Nani kati yetu hajui maana ya uwanja wa namna hiyo? Hata mtoto anajua.

Mlinzi akamwambia, "Karibu kijana. Hapa bwana tumepatwa na..."

"Samahani mzee, nimechelewa usaili. Ofisi ni ipi?"

Mlinzi akanyoosha kidole, yakaishia hapo.

Ndani alimkuta mama mmoja amekaa peke yake kwenye meza yenye viti viwili upande wake. Amejifunga kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu. Kijana akasalimia, akaketi, akafunguka. Jamani, alijibu! Mama anauliza hili, yeye anatoa na lile ambalo hakuulizwa.

"Umetuchunguza vizuri, mwanangu," mama akasema.

"Ndiyo mama. Hata mzee nimesoma habari zake. Ningefurahi sana kumwona."

Mama akatazama kile kiti cha pembeni yake. "Hayupo."

"Haina shida, mama. Nikipata kazi nitamsalimia siku nyingine."

Yule mama akamgeukia, akamtazama. Nafikiri alikuwa anasubiri. Nafikiri alitaka kuona kama huyu mtoto, anayejua mpaka mashudu yao yanakwenda wapi, atauliza neno moja tu: mama, mbona uko hivyo? Hakuuliza. Hilo hakuwa amelifanyia mazoezi.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Tutakupigia simu."

Kijana akatoka. Sasa hana cha kusikiliza, masikio yako wazi, na macho nayo yakafunguka. Akaona vijana wanalishusha lile turubai. Akamsogelea mlinzi. "Mzee, hapa kulikuwa na nini?"

"Si ndiyo nilikuwa nakwambia? Tumemzika bosi wiki iliyopita. Uliyekaa naye ndiye mjane wake."

Kijana akageuka arudi ofisini akampe mama pole. Akapiga hatua, akasimama. Mnajua kwa nini alisimama? Kwa sababu alijiuliza: nikirudi sasa, atafikiri nini? Atafikiri nimerudia kazi. Na kweli, angefikiri nini kingine? Neno lile lile angelisema wakati anaingia, lingekuwa pole. Sasa limegeuka barua ya kuomba kazi. Akasimama na pole yake mdomoni, hana pa kuipeleka, kisha akaondoka. Ndani akabaki mama na kiti chake kitupu. Wapweke wawili walikaa meza moja asubuhi nzima, wakaachana kama walivyokutana.

Sasa tumseme yule kijana? Hapana, tumwache, ana shida zake. Kujiandaa hakukosea. Tujiseme sisi. Sisi tukiwa na haja na mtu tunamjua mpaka kabila la shemeji yake. Anayemiliki kiwanja, anayegawa kazi, mwenye binti wa kuolewa, habari zake tunazo zote. Lakini tumemjua ili tupate, hatukumjua ili tumjue. Hata kwa Mungu tunakuja hivyo hivyo, na majibu tuliyokariri, tunasema sisi mwanzo mpaka mwisho, tunatoka.

Na nina hasira kidogo leo, mnisamehe. Tangu tuanze ibada naangalia benchi la nyuma. Mwezi uliopita hapa tulizika, tukala, tukakunja viti vyetu tukaenda. Leo aliyefiwa amekaa peke yake kule nyuma, na pembeni yake mmeweka mikoba.

Kwa hiyo tukimaliza, asije mtu kunipa mkono mlangoni. Mimi nina wa kunisalimia. Ondoeni mikoba hiyo, mkae.