Sifuri ya Kupewa

Isome yote, kisha mfikishie yeyote anayeambiwa kila siku kwamba mambo ni shwari, ilhali mwili wake unamwambia vingine.

Palikuwa na mji wenye mgodi, na bondeni, chini ya mgodi huo, palikuwa na kisima kilichonywesha kijiji kizima cha Mwabusiga. Mkemia wa mji aliitwa Nyamizi. Alisifika kwa mambo mawili: hakuvumilia kipimo cha kukisia, na hakujua kuficha hasira.

Siku ya kupima maji ya kisima hicho, hasira ilikuwa imemjaa. Shangazi yake, Milembe, alikuwa ameketi kwenye benchi la maabara na mjukuu mapajani. Mtoto yule alikuwa ameshaanza kutembea; sasa alikuwa amerudi kutambaa. Watoto wa majirani nao walikuwa vivyo hivyo. Kijiji kilidai kwamba kisima kina risasi, yale madini mazito yanayomla mtoto akili polepole. Mgodi ulikana. Hakimu akaamua maji yapimwe hadharani, hapo maabara, mbele yake. Yakionekana safi, kesi itafutwa, na Mwabusiga itaendelea kunywa.

Namna ya kupima haikuwa fumbo. Taa yenye madini ya risasi ndani yake ilirusha mwanga kupitia mwali wa moto, na maji yalipulizwa katika mwali huo kama ukungu. Yakiwa na chembe za risasi, chembe hizo zilinyakua sehemu ya mwanga, na mashine ikahesabu mwanga uliopungua. Lakini kabla ya yote, mashine ilionyeshwa maji matupu, yasiyo na kitu, ili ijue sifuri iko wapi.

Mashine ilikuwa zawadi ya mgodi. Maji matupu nayo yalikuwa zawadi ya mgodi, yakiletwa kwa mapipa ya buluu. Kila mapipa yalipofika, watumishi wa maabara walijipanga uani, wakapiga makofi, wakapigwa picha pamoja na Bwana Kishosha, meneja.

Kishosha alikuwepo siku hiyo pia, amevaa suti ya kijivu na tabasamu la mtu anayejua atashinda.

Nyamizi akawasha mwali. Akaionyesha mashine maji ya pipa, ikasimama kwenye sifuri. Kisha akaweka maji ya kisima.

Sifuri.

Akarudia. Sifuri tena.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Kishosha, "hawa watu wanaumwa uvivu. Uvivu hauna madini."

Wapambe wake wakacheka. Milembe akamshika mtoto kwa nguvu zaidi.

"Rudia tena, mwanangu," alisema.

"Nimerudia, Shangazi!" Nyamizi alifoka, kisha akajuta kumfokea asiyestahili. Akamgeukia meneja. "Umebadilisha maji ya kisima njiani!"

"Karani wa mahakama ndiye aliyeyachota, dada yangu, na chupa ilikuwa na lakiri ya mahakama."

"Usiniite dada. Mimi si dada yako."

Hakimu akagonga meza. "Mama mkemia, hasira si ushahidi."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma kuliko kicheko. Pale benchini, Milembe alifungua chupa yake akamnywesha mtoto. Kishosha akaona.

"Mama, hayo nayo umeyatoa wapi?"

"Ni ya mvua. Tangu mtoto augue, nakinga ya mvua tu."

"Basi pimeni na hayo!" Kishosha alipiga paja. "Labda mawingu ndiyo yanayomwaga sumu. Mheshimiwa, naomba yapimwe, tumalize maneno."

Hakimu, aliyekwishachoka, akaitikia kwa kichwa. Nyamizi akaichukua ile chupa, akayapeleka maji ya mvua kwenye mwali.

Mashine ikashuka chini ya sifuri.

Kishosha akacheka hadi akatoa leso. "Mnaona? Maji yenye risasi pungufu kuliko yasiyo na risasi! Mashine imewehuka."

Ni yeye peke yake aliyecheka. Nyamizi alikuwa ameganda. Hasira yake, iliyokuwa ikitapakaa chumba kizima, ilikuwa imepata mahali pa kutua. Akayatazama mapipa ya buluu.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "mashine haijawehuka. Inasema maji ya mvua ni safi kuliko maji haya tuliyoyaita matupu. Tumekiuliza kisima kama kina risasi, na tumekipima kwa maji yenye risasi ile ile. Kingejibu nini, ila sifuri?"

Akaweka sifuri upya, safari hii kwa maji ya mvua. Akapima ya kisima. Tarakimu zikapanda. Akapima ya pipa. Zikapanda vile vile.

"Mapipa haya yanajazwa wapi?" aliuliza Hakimu.

Dereva wa mgodi, aliyesimama mlangoni, akajibu kabla ya meneja: "Kisimani, Mheshimiwa. Mtambo wa kusafishia ulikufa zamani. Niliuliza, nikaambiwa maji ni maji."

"Tuliwapa mashine!" Kishosha alipaza sauti. "Tuliwapa kila kitu! Hamna hata shukrani?"

"Mashine tuliipokea," alisema Nyamizi. "Sifuri haikuwa yako kutupa."

Kisha akawageukia watumishi wake, na hao hakuwaonea huruma. "Tumepima mito, tumepima mabomba, tumepima mpaka machozi ya watu. Pipa hili hatukulipima hata mara moja, kwa sababu kuchunguza zawadi ni utovu wa adabu. Mtoto huyu anatambaa kwa sababu ya adabu yetu!"

Kisima kilifungwa siku ile ile, na mgodi ukaamriwa kuleta matabibu na maji ya kunywa. Mtoto alirudi nyumbani mgongoni mwa bibi yake, bado hajasimama.

Baadaye mapipa mapya yalifika maabara kutoka kwa mfadhili mwingine, mtu mwema, mwenye sifa njema. Watumishi wakajipanga uani kama walivyozoea, viganja tayari.

Nyamizi akatokea mlangoni.

"Shusheni mikono," alisema. "Kwanza washeni taa ya kupimia."

Funzo: Anayekupa sifuri ndiye aliyekwisha kukupa jibu, kwa hiyo kabla ya kuamini kipimo kinachosema uko salama, pima kwanza kile ulichopimiwa nacho, hata kama umepewa bure na kwa tabasamu.